Ufunguzi wa msimu umechuja, au tumesubiri kupita kiasi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina tamthilia ninayoipenda kuliko zote. Jina silitaji, nisije nikawaharibia uhondo wale ambao hawajaiona. Msimu uliopita uliishia pale mama mwenye nyumba anaposikia hodi usiku, anafungua mlango, na aliyesimama nje ni mumewe aliyezikwa katika sehemu ya 4. Skrini ikawa nyeusi. Nikasubiri miezi 14. Juzi msimu mpya umeanza, na dakika 20 za mwanzo tukaoneshwa mwanamume tusiyemjua, yuko ofisini anapanga mafaili. Mama hakuonekana mpaka katikati, na ule mlango umerudi dakika ya mwisho tu: anafungua, anamtazama mumewe, anampisha aingie. Basi. Hajauliza hata swali moja, yeye ambaye msimu mzima alikuwa mbishi wa kuhoji kila kitu. Nimekasirika. Mdogo wangu, ambaye msimu wa kwanza ameumaliza wiki hii hii kwa siku tatu, anasema hajaona ufunguzi mzuri kama huu. Nimeingia kusoma maoni ya watu: nusu wanasema imechuja, nusu wanawatukana wanaosema imechuja. Wastani wa alama ni 5.5 kwa 10. Nani yuko sahihi? Waandishi wanayasoma haya maoni? Na mimi niendelee au niache?

JIBU

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sentensi iliyonishika si ile ya mlango. Ni ile uliyoipitia haraka, kwamba mdogo wako ameumaliza msimu wa kwanza wiki hii hii. Humo ndimo ugomvi wenu ulimo. Wewe umeishi na ule mlango miezi 14. Yeye ameishi nao usiku mmoja, pengine hata usiku haukutimia. Mmekaa pamoja mkatazama picha zilezile, lakini mwenzako alikuwa anaangalia hadithi ikiendelea, na wewe ulikuwa unadai deni.

Nasema deni na ninamaanisha deni. Mtazamaji aliyeachwa roho juu hasubiri mikono mitupu; anatunga. Katika hiyo miezi 14 umemfungulia yule mume mlango mara ngapi? Iko siku mama alizirai, iko siku alimzaba kofi, iko siku alimwuliza "ulikuwa wapi?" na jibu ukalitunga mwenyewe, kesho yake ukalibadilisha kidogo, ukaenda kubishana na wenzako waliotunga la kwao. Siku ya ufunguzi inafika ukiwa na msimu wako mzima kichwani, umeandikwa kwa ajili ya mtazamaji mmoja ambaye unamjua vizuri kuliko mwandishi yeyote anavyoweza kumjua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye kuumwa tumbo si mwepesi wa kusifia mapishi. Kwa hiyo kwa upande huo siwezi kukwambia mdogo wako amekosea, wala wewe hujakosea. Mlikuja na njaa tofauti.

Kuna kitu kingine kinachofanya kazi hapo, nacho kimepimwa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio la maji baridi. Watu waliingiza mkono kwenye maji ya nyuzijoto 14 kwa sekunde 60. Wakati mwingine waliingiza kwa sekunde 60 zilezile, halafu wakauacha mkono humo sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa taratibu mpaka nyuzi 15, bado yanauma lakini nafuu kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu. Maumivu yalikuwa mengi zaidi kwa jumla, ila yaliisha vizuri. Kumbukumbu haihesabu dakika; inashika pale palipopanda juu kabisa na pale palipoishia.

Sasa lete hilo kwenye tamthilia yako. Unapousema "msimu uliopita" moyoni, unachokiona ni hodi, kitasa, uso wa mume gizani. Huzioni dakika za katikati zilizojivuta, wala wahusika wadogo walioongea sana kisha wakapotea. Ndiyo kusema ufunguzi mpya umeupima kwa mwisho wa zamani, wakati ulistahili kupimwa kwa mwanzo wa zamani. Nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea kusoma maoni ya watu: rudia sehemu ya kwanza kabisa ya msimu wa kwanza. Tazama ni watu wangapi walipita mbele yako bila kujitambulisha, na ilichukua muda gani mpaka mama akakushika. Wakati ule hukuwa na cha kudai, ukavumilia yote.

Huu mvutano si wa jana. Tarehe 21 Machi 1980 kituo cha CBS cha Marekani kilirusha sehemu ya mwisho ya msimu wa tamthilia ya Dallas, na J.R. Ewing, tajiri mjanja wa hadithi hiyo, akapigwa risasi na mtu asiyeonekana. Kwa kawaida msimu mpya ungeanza Septemba, lakini mgomo wa waigizaji ukausogeza mpaka Novemba. Watu wakabishana miezi yote hiyo ni nani aliyevuta kifyatulio. Na msimu ulipoanza, jibu halikutoka usiku huo! Lilitoka katika sehemu ya nne, tarehe 21 Novemba, miezi minane kamili tangu risasi, na inakadiriwa kuwa Marekani peke yake watu milioni 83 walikuwa mbele ya runinga. Sehemu tatu zilipita wakiwa bado hawajalipwa. Wenye tamthilia walijua kwamba swali ndilo lililowaweka watu kwenye viti, na hakuna mfanyabiashara anayeuza kitu chake cha thamani siku ya kwanza akafunga duka.

Mfano unaofanana na wako kwa karibu zaidi ni tamthilia ya Twin Peaks. Msimu wa kwanza ulifungwa tarehe 23 Mei 1990 kwa hodi vilevile: mpelelezi Dale Cooper anafungua mlango wa chumba chake cha hoteli na kupigwa risasi. Watazamaji walirudi tarehe 30 Septemba wakitaka mawili, kujua kama Cooper yuko hai na kujua nani alimuua Laura Palmer, msichana ambaye kifo chake ndicho Cooper alikuwa anakichunguza. Walichokikuta ni Cooper amelala sakafuni anavuja damu, na mhudumu mzee sana wa hoteli anaingia na glasi ya maziwa. Mzee haoni kama kuna la haraka. Anakata simu iliyokuwa imeachwa wazi. Anamletea Cooper bili aisaini palepale alipolala. Anaondoka polepole, anarudi, anamwinulia kidole gumba, anaondoka tena. Dakika zinakwenda. Wapo watazamaji waliochemka, na wapo ambao mpaka leo wanaitaja kuwa ni kati ya funguzi za msimu walizozipenda kupita zote. Jibu la muuaji lilikuja Novemba, na kufikia hapo wengi walikuwa wameshachoka kungoja. Mwaka uliofuata tamthilia ikasimamishwa.

Naikumbuka mifano hii miwili kwa sababu inanikataza kusema jambo jepesi, kwamba "subira yavuta heri" na wewe tulia tu. Kuchelewesha jibu kuliinufaisha Dallas na kukaigharimu Twin Peaks. Kuchelewesha peke yake hakukuambii kitu. Inabidi uangalie kinachotokea ndani ya huo muda wa kungojeshwa.

Ndiyo nije kwa yule mwanamume wa mafaili.

Kuanza msimu na mtu asiyejulikana ni mbinu inayotumika sana, na nadhani unapoiona ikifanywa vizuri utaiheshimu. Msimu wa pili wa Lost, tamthilia ya manusura wa ajali ya ndege kisiwani, ulianza tarehe 21 Septemba 2005. Ule wa kwanza ulikuwa umetuacha juu ya shimo: wawili kati yao, Jack na Locke, wamelipua mfuniko wa chuma uliokuwa umefukiwa msituni, wanachungulia chini, giza. Msimu mpya unaanza na mwanamume anaamka kitandani. Kengele inalia, anabofya kompyuta. Anaweka santuri, anafua, anafanya mazoezi, anakoroga kinywaji chake, anajidunga sindano. Mtu unajiuliza, tuko wapi, mji gani huu, mwaka gani? Halafu mlipuko unatikisa chumba, vumbi linaanguka, anakimbilia silaha, na kamera inapanda taratibu kupitia bomba refu mpaka juu, na huko juu ni Jack na Locke wanachungulia. Tulikuwa ndani ya shimo muda wote. Mgeni ndiye aliyekuwa jibu. Ilichukua dakika chache tu.

Yako imechukua 20, na kwa maelezo yako bado hajaunganishwa na mtu yeyote unayemjua. Hapo lawama yako ina uzito. Dakika 20 ni karibu nusu ya sehemu nzima, na mwandishi anayekuomba nusu ya usiku wako anapaswa kukupa angalau uzi mmoja wa kushika: jina kwenye faili, sauti ya mama kwenye simu, picha ukutani. Rudia uangalie kama uzi upo ukakupita. Watu wanaotazama ufunguzi huku wanasubiri kitu fulani huwa hawaoni kingine chochote, na hili nalisema kwa kuwa nimeliona mara nyingi katika kazi yangu.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi: kukaa asubuhi baada ya sehemu kurushwa, kusoma waliyoandika watazamaji, na kuwaandikia watayarishaji ripoti. Mapema kabisa nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua. Msimu wa tamthilia moja ulifunguliwa na mhusika mpya, nesi kijana, na mamia ya maoni yalisema kitu kilekile kwa maneno yaleyale: "Huyu naye nani?" Nikayahesabu yote kama kukataliwa. Nikaandika kwamba watazamaji hawamtaki, na matukio yake mawili yakapunguzwa katika uhariri wa sehemu zilizofuata. Wiki ya sita nesi yule akatishiwa kuuawa. Watu walewale, majina yaleyale niliyokuwa nimeyahesabu, wakaanza kuandika kwa herufi kubwa kwamba akifa hawatazami tena, na wengine wakilalamika kwamba hatukuwaonesha vya kutosha kuhusu maisha yake. "Huyu naye nani?" lilikuwa swali, na mimi nililisoma kama hukumu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo watazamaji wanavyompokea kila mhusika mpya, wanaiangalia kamba kwanza. Tangu hapo nikikuta maneno hayo siku ya kwanza nayaweka pembeni na kuyafungua tena wiki ya nne.

Kutokana na kazi hiyo nimejifunza kutenganisha manung'uniko ya aina mbili ambayo usiku wa kwanza yanafanana kabisa, yana hasira ileile na matusi yaleyale. La kwanza linasema "mmechelewa." La pili linasema "mmevunja." La kuchelewa hupona lenyewe mara jibu linapokuja, mtu aliyelia wiki ya kwanza kwamba steringi hajaonekana, wiki ya tatu hakumbuki kama alilia. La kuvunja haliponi. Hilo ni pale tamthilia inapokanusha kitu ilichokuwa imekufanya uamini, ukatoa machozi yako na usingizi wako kwa ajili yake.

Dallas ileile iliwahi kutuonesha kuvunja kukoje. Bobby Ewing, mdogo wake J.R., alikufa mwishoni mwa msimu mwaka 1985, watu wakamlilia. Msimu mzima uliofuata ukaenda bila yeye, sehemu 31, Pam, aliyekuwa mkewe, akaomboleza akaanza maisha mapya. Mei 1986 sehemu ya mwisho inaisha na Pam anaamka, anafungua mlango wa bafu, na Bobby yuko humo anaoga. Septemba 26 msimu mpya ukafunguliwa na maelezo: Bobby hakufa, Pam aliota, na msimu wote uliopita ulikuwa ndoto. Kila ndoa, kila kifo, kila uhasama wa zile sehemu 31 ukafutwa kwa asubuhi moja. Waliomtaka Bobby walimpata, na wengi walifurahi kumwona. Tamthilia iliendelea mpaka 1991. Lakini ukizungumza na waliokuwa wakiitazama enzi hizo, wengi wataitaja asubuhi ile kama siku walipoacha kuamini kwamba jambo lolote linalotokea humo limetokea kweli. Mtu akipigwa risasi wiki ijayo, kwa nini nihuzunike?

Chukua mizani hiyo uyapime malalamiko yako mawili. La mafaili ni la kuchelewa. Linaudhi, ila lina dawa. Lakini la pili, ambalo umeliweka kwa sentensi moja mwishoni, ndilo ambalo ningekuwa na ripoti ya kuandika ningelipigia mstari: mama mbishi, mhoji wa kila kitu, anamwona marehemu mumewe mlangoni na hasemi neno. Hilo linaweza kuwa la kuvunja. Ikiwa walimnyamazisha kwa sababu sehemu ilikuwa imebakiza dakika moja na walitaka kuishia na picha nzuri, basi wamemtoa mama kafara, na una haki ya hasira yako yote. Ikiwa amenyamaza kwa sababu alijua, kwamba hodi ile haikumshangaza, basi hiyo ni sehemu nzito kuliko kofi na kuzirai zote ulizomtungia, na kila swali alilouliza msimu mzima linabadilika maana. Sijaiona tamthilia yenyewe, kwa hiyo siwezi kukuamulia. Ila angalia, mdogo wako aliyetoka tu kumwona mama akihoji siku tatu mfululizo, ukimya ule huenda umemgonga kama kengele. Kwako, miezi 14 baadaye, umeusikia kama pengo. Muulize alionaje hapo hasa. Msibishane kuhusu sehemu nzima, bisheni kuhusu uso wa mama katika dakika hiyo moja.

Kuhusu zile alama, 5.5 uliyoiona inaonekana kama tamthilia ya wastani. Fanya hesabu ndogo: watu kumi, watano wanatoa 10, watano wanatoa 1. Wastani wake ni 5.5. Hapo hakuna hata mmoja aliyesema ni ya wastani. Maeneo mengi yanayokusanya alama huonesha pia mgawanyo wake, vijiti vya kila alama. Angalia vijiti, achana na wastani. Ukiona vimesimama kwenye pembe mbili na katikati pametupu, unajua sehemu hiyo imegawa watu. Na jua kwamba anayeona tamthilia ni ya kawaida huzima runinga akalala. Anayekesha kuandika ni aliyependa sana au aliyechukia sana. Wapo pia wanaotoa alama bila kutazama, kwa ugomvi usiohusiana na hadithi. Jambo hili lilikua mpaka mwaka 2019 tovuti ya maoni ya filamu, Rotten Tomatoes, ikafunga nafasi ya watu wa kawaida kutoa maoni kabla kazi haijatoka, na Septemba 2022 Amazon ikawa inayashikilia maoni ya tamthilia yake kubwa mpya kwa saa 72 kabla ya kuyachapisha.

Takwimu za watazamaji nazo zinasomwa vibaya kila mara. Idadi ya watu waliotazama ufunguzi haiupimi ufunguzi. Watu hawa waliketi kabla ya kuona chochote, kwa hiyo idadi hiyo ni alama ya msimu uliopita, ya namna ulivyowaacha. Ufunguzi hupimwa na sehemu ya pili. Tamthilia ya The Walking Dead ilimaliza msimu wake wa sita Aprili 2016 kwa kutuficha nani aliyepigwa rungu. Oktoba 23 ufunguzi wa msimu wa saba ukapata watazamaji milioni 17 nchini Marekani, idadi kubwa mno kwa chaneli ya kulipia, na vichwa vya habari vikasema ushindi. Wiki iliyofuata walikuwa takriban milioni 12 na nusu. Ni kawaida wachache kupungua wiki ya pili hata ufunguzi ukiwa mtamu, maana wengine huja kuonja tu. Lakini mporomoko wa ukubwa ule ulisema kile ambacho milioni 17 hazikuweza kusema. Wengi walikuwa wameridhishwa udadisi wao, au wamechoshwa na ukatili walioonyeshwa, na hawakuona sababu ya kurudi.

Siku hizi hata hesabu ya usiku mmoja haitoshi. Uingereza, BARB, shirika linalohesabu watazamaji tangu 1981, hutoa pia hesabu inayojumuisha waliotazama ndani ya siku saba, na kampuni ya Nielsen ya Marekani hufanya hivyo hivyo. Kwenye majukwaa ya intaneti kinachoulizwa zaidi ni wangapi walifika mwisho wa sehemu, na wangapi wakafika mwisho wa msimu. Kwa hiyo mtu akikwambia asubuhi ya kwanza kwamba tamthilia imekufa kwa kuwa namba ziko chini, mwambie arudi wiki ijayo.

Na makelele ya siku ya kwanza hayatabiri mwisho. Tamthilia ya Game of Thrones ilifungua msimu wake wa mwisho tarehe 14 Aprili 2019 kwa watazamaji milioni 17.4 wa Marekani usiku ule, na sehemu yenyewe ilikuwa ya watu kukutana tena baada ya misimu mingi, wengi wakaipokea kwa furaha. Wiki tano baadaye zaidi ya watu milioni moja walikuwa wametia sahihi ombi la kutaka msimu huo uandikwe upya.

Waandishi wanasoma? Wanasoma, hata wale wanaosema hawasomi. Nimewaona wakisoma simu chini ya meza. Lakini unachotaka kujua nadhani ni kama hasira yako inaweza kubadilisha kitu, na hapo inategemea kazi ilipofikia. Tamthilia inayotolewa msimu mzima kwa pamoja imeshapigwa picha yote, imeshahaririwa, imeshawekwa muziki. Hakuna wa kumrudisha mama mlangoni akaulize swali. Inayorushwa kila wiki huku sehemu za mwisho bado zinapigwa picha ina nafasi kidogo: tukio laweza kufupishwa, mhusika akapewa maneno mawili zaidi, tangazo la wiki ijayo likakatwa upya ili kuwaonesha watu kile wanachokililia. Mengi yanakwenda kwenye msimu unaofuata, chumbani mwa waandishi, ambapo mtu mmoja husema "walilalamika kwamba..." na mwingine akauliza "wangapi, na dakika ya ngapi?" Ukitaka maoni yako yafike chumba hicho, usiandike "imechuja." Mamia wameandika hivyo, na hakuna anayeweza kufanya nayo lolote. Andika kama ulivyoniandikia mimi: mama alikuwa mhoji, dakika ya mwisho hakuhoji, sikuelewa kwa nini. Sentensi ya namna hiyo mimi ningeinakili kama ilivyo nikaiweka juu kabisa ya ripoti.

Uendelee au uache? Endelea mpaka sehemu ya tatu. Sitoi namba hiyo kwa mazoea. Ya kwanza huweka swali jipya, ya pili huonesha kama swali hilo linawahusu watu unaowapenda, na ya tatu ndiyo inayopaswa kuanza kulipa. Ikipita ya tatu na yule bwana wa mafaili bado anaelea peke yake, na mama bado yuko kimya bila sababu unayoweza hata kuihisi, acha, na usijione msaliti kwa miaka uliyoipa. Kati ya sasa na hapo, simu iwe mbali unapotazama, na maoni ya watu uyasome baada ya kulala, usiyasome usiku uleule.

Tazama pia ule muhtasari wa yaliyojiri mwanzoni mwa sehemu ya pili. Wengi wanauruka, mimi siuruki kamwe. Anayeukata anajua sehemu nzima inayofuata, na nafasi aliyonayo ni ndogo, kwa hiyo anaweka humo yale tu ambayo lazima uyakumbuke. Wakirudisha ofisi na mafaili, faili mojawapo lina kazi leo. Wakirudisha swali la zamani la mama kutoka msimu wa kwanza, hasa ambalo hukulitilia maanani wakati ule, kaa vizuri.

Na kabla ya hapo, rudia dakika yako ya mwisho mara moja zaidi, ukiwa umetulia. Umeniambia mama alifungua mlango, akamtazama, akampisha. Hujaniambia kama mume alipoingia mama alichungulia nje kwanza, wala kama aliufunga mlango kwa funguo. Mwanamke aliyeshtushwa na mume aliyemzika huusahau mlango wazi. Angalia mkono wake.